Kupiga unapiga, kupigiwa hupigiwi

Hitilafu inayowachanganya zaidi wenye simu ya mezani inayopitia intaneti ni hii: ukinyanyua mkono wa simu unasikia mlio wa laini, unapiga popote na mnasikilizana vizuri, lakini anayekupigia wewe anaambiwa hupatikani, au anasikia simu ikiita weee huku nyumbani kwako kimya. Wengi hukimbilia kununua adapta mpya, yaani kile kifaa kinachounganisha simu na intaneti. Mara nyingi adapta ni nzima, na wa kuulizwa ni ruta.

Kupiga na kupigiwa ni safari mbili tofauti. Unapopiga, adapta ndiyo inayoanza kuzungumza, na ruta huruhusu kinachotoka ndani. Unapopigiwa, ujumbe unaanzia nje, kwenye seva ya mtoa huduma, na ruta hukataa mgeni asiyetarajiwa. Kwa hiyo adapta hujisajili kwenye seva kila baada ya muda, mara nyingi sekunde 3,600, kuieleza ilipo. Ujumbe huo unapotoka, ruta hujiwekea kumbukumbu kwamba kitakachorudi kutoka kwenye seva ile kipelekwe kwenye adapta. Simu inayoingia hutegemea kumbukumbu hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba ruta husahau mapema. Mwongozo wa kiufundi wa intaneti unaoitwa RFC 4787, wa mwaka 2007, unataka kumbukumbu ya namna hii isifutwe kabla ya dakika 2, lakini zipo ruta zinazoifuta baada ya sekunde 30 tu. Hapo taa ya adapta inawaka kama kawaida, seva nayo inaamini uko hewani, kumbe njia imeshafungwa. Ukipiga simu, njia inafunguka tena kwa muda, na ndiyo maana tatizo huonekana la kuja na kwenda.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fanya majaribio mawili. La kwanza: mwombe mtu akupigie, naye asikate. Simu ikiwa kimya, nyanyua mkono wa simu. Mkisikilizana, basi simu ilifika, ila kengele haikulia, na ruta haina kosa. Angalia kama sauti ya kengele imezimwa. Kama umeunganisha simu kadhaa kwenye adapta moja, chomoa zote ubakize moja, kwa sababu umeme wa kuliza kengele unaotolewa na adapta ni mdogo. Simu za zamani za Uingereza zina kisa chao: kengele zake hutegemea kapasita iliyomo kwenye soketi kuu ya ukutani, kwa hiyo ukiichomeka simu kwenye adapta kwa kiunganishi cha kawaida kisicho na kapasita, inaweza kuongea bila kulia.

La pili: ukinyanyua na kukuta mlio wa laini tu, simu haikufika. Zima adapta, iwashe, subiri ijisajili, kisha upigiwe papo hapo. Halafu iache dakika 10 bila kuigusa, upigiwe tena. Ikiita mara ya kwanza na kugoma mara ya pili, mkosaji ni ile kumbukumbu ya ruta. Fungua ukurasa wa mipangilio ya adapta, tafuta kipengele cha NAT Keep Alive, kiwashe, na muda uweke sekunde 20 au 30. Adapta itakuwa inatuma ujumbe mdogo kila mara ili njia isifungwe.

Ikigoma mara zote mbili, hakikisha kwanza hukuwasha huduma ya "usisumbue" au ya kuhamishia simu kwenye namba nyingine. Angalia pia kama akaunti hiyo hiyo imewekwa kwenye programu ya simu ya mkononi, kwa sababu baadhi ya watoa huduma hupeleka simu kwenye kifaa kilichojisajili mwisho. Kisha ingia kwenye ruta utafute kipengele kiitwacho SIP ALG. Iliwekwa ili kusaidia simu za intaneti kwa kurekebisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe, lakini katika ruta nyingi huziharibu. Izime, washa ruta upya, halafu adapta.

Nyumba yenye ruta mbili, ya mtoa intaneti na ya kwako ya Wi-Fi, ina milango miwili ya kusahau. Chomeka adapta kwenye ile ya kwanza ujaribu. Na kama ruta yako inatumia laini ya simu ya mkononi, huenda anwani yake ya nje inaanzia 100.64 hadi 100.127. Hiyo ni dalili kwamba anwani halisi ya intaneti unaitumia pamoja na wateja wengine, na kufungua poti, yaani mlango wa kupitisha simu kutoka nje, kwenye ruta yako hakutasaidia kitu.

Hata pale kunapowezekana, usikimbilie kufungua poti 5060, ile ya simu za intaneti, kwa dunia nzima. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikiitafuta poti hiyo, na simu itaanza kulia saa 9 usiku ikionyesha namba kama 100 au 1000, ukipokea hakuna mtu.

Yote yakishindikana, usimwambie mtoa huduma kwamba "simu haifanyi kazi". Atakujibu uwashe upya. Mpe saa kamili uliyopigiwa na namba iliyokupigia, kisha uulize: seva yenu ilituma mwito kwenye anwani gani, na adapta yangu ilijibu nini? Kama mwito ulitumwa bila kujibiwa, rudi kwenye ruta. Kama haukutumwa kabisa, kazi ya kurekebisha ni yao.