Makato ya korosho husomwa, ya chekechea je?

MKULIMA wa korosho wilayani Kibiti hapokei malipo yake kimya kimya. Mnada ukishafanyika na bei ikatangazwa, swali la kwanza kwenye chama cha msingi huwa ni makato: ushuru wa halmashauri ni kiasi gani, chama kinabaki na shilingi ngapi kwa kila kilo, ghala linachukua nini, usafiri na magunia je. Tabia hiyo imejengeka kutokana na mfumo wa stakabadhi ghalani, na haikuja bure. Wapo waliolia kwanza ndipo wakajifunza kuuliza.

Mkulima huyohuyo akimpeleka mtoto wa miaka mitatu kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, mara nyingi hulipa alichoambiwa na kuondoka. Leo ni ada ya mwezi, kesho mchango wa uji, keshokutwa kuni, halafu mkeka, sare na fedha ya mlinzi. Mwisho wa msimu hakuna anayeweza kusema kwa hakika mtoto mmoja amegharimu shilingi ngapi.

Kwa mkazi wa mjini hiyo ni kero ya mfukoni. Katika bonde na delta ya Rufiji ni suala la uzalishaji. Mama asiye na pa kumwacha mtoto hubaki nyumbani magugu yakimeza mpunga, au huenda naye shambani, au humwachia binti wa miaka tisa ambaye siku hiyo hataonekana darasani.

Umbali kati ya nyumba na shamba katika bonde hili una historia yake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji iliyowahamisha wakazi wengi kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa vilivyowekwa kwenye miinuko. Watu walihama, lakini udongo wenye rutuba ulibaki kulekule. Ndiyo maana hadi leo familia hurudi bondeni kulima, na mpunga unapochanua na kuanza kukomaa huishi kwa wiki kadhaa kwenye madungu, zikiamia ndege na kufukuza nguruwe na viboko. Watoto wadogo hupandishwa huko pamoja na sufuria na mikeka.

Hatari zake si za kusimuliwa tu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji, na wanaolala mashambani walikuwa miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi. Mamba wapo siku zote. Mafuriko ya Aprili 2024 nayo yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mtoto aliyeko bondeni maji yanapopanda hana mbio za mtu mzima.

Kwenye delta yenyewe, katika kata kama Mbuchi, Msala, Maparoni, Kiongoroni na Salale, saa za kazi hupangwa na maji. Mchuuzi wa samaki au kamba anayekwenda Nyamisati kwa boti huondoka maji yanapomruhusu, iwe alfajiri au mchana, na siku za bamvua ratiba hubadilika tena. Kituo kinachofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa sita hakimsaidii kitu, hata kama ada yake ni ndogo.

Serikali imefanya nini? Si kweli kwamba haina sera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na muda wa kunyonyesha wa hadi saa mbili kwa siku. Lakini mlima mpunga hana mwajiri wa kumdai likizo. Upande wa pili, elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 inahusu pia darasa la awali katika shule za Serikali, ingawa mzazi bado hununua sare na madaftari. Darasa hilo humpokea mtoto akiwa na miaka mitano hivi. Kati ya likizo ya uzazi ambayo mkulima haipati na darasa la awali kuna pengo la miaka minne na zaidi, na pengo hilo limeachiwa bibi, dada na chekechea ya mtaani.

Pengo lenyewe lina sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyofuta sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana ya mwaka 1981, inamtaka anayefungua kituo apate kibali cha Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na anayeanzia safari hiyo huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Desemba 2021 Serikali ilizindua pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, iliyolenga watoto hadi umri wa miaka minane.

Usajili huo hutazama usalama, nafasi na walezi. Bei ni mapatano ya mzazi na mwenye kituo. Na matumaini kwamba Serikali itaipanga yasiwe makubwa: mpango wa ada elekezi kwa shule binafsi ulijadiliwa kwa muda mrefu, na mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuachana nao. Wamiliki walisema gharama hazilingani kati ya shule na shule, na katika hilo walikuwa na hoja. Kituo cha Kibiti mjini, kando ya barabara ya Kilwa, hakinunui maji wala sukari kwa bei ya kisiwa cha delta ambako kila mfuko hufika kwa boti.

Kutopanga bei, hata hivyo, si sababu ya kuificha. Uingereza, ambako Serikali hulipia saa kadhaa za malezi kwa wiki, wazazi walilalamika kwamba saa za bure zinageuka za kulipia kupitia chakula na vifaa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2025 ukavitaka vituo vitenganishe kwenye ankara saa za bure, saa za kulipia, chakula na gharama nyingine, kila moja na kiasi chake. Kibiti haina saa za bure za kugawa, lakini karatasi yenye mistari minne ubaoni haihitaji bajeti ya Uingereza.

Chukulia kituo cha watoto 30, kwa hesabu ya mfano tu. Walezi wawili wakilipwa Sh120,000 kila mmoja, ni Sh240,000 kwa mwezi. Uji wa Sh6,000 kwa siku, siku 22, ni Sh132,000. Sabuni, maji na matengenezo madogo yakifika Sh28,000, jumla ni Sh400,000, yaani takriban Sh13,350 kwa kila mtoto. Wazazi kumi wasipolipa, mzigo wa waliobaki unakuwa Sh20,000. Mlezi asiyeonyesha hesabu hii ataonekana mwizi siku atakapopandisha ada, na akiogopa kuipandisha atapunguza uji. Kwa hiyo uwazi unamlinda mwenye kituo kama unavyomlinda mzazi.

Hesabu hiyo ikiwa wazi, linafuata swali la lini watu walipe. Fedha ya ufuta huonekana katikati ya mwaka na ya korosho kuanzia Oktoba hivi, lakini miezi ambayo mama anahitaji kituo zaidi, ya kupanda na kupalilia mpunga, ndiyo miezi ambayo mifuko imekauka. Ada ya mwezi kwa mwezi ni utaratibu wa mtu wa mshahara. Kijiji kinaweza kukubaliana walipe kwa msimu, sehemu kwa fedha na sehemu kwa mchele au unga wa uji, mradi debe lihesabiwe kwa bei ya siku hiyo na kuandikwa kwenye daftari.

Pa kukiweka kituo nako kunahitaji mkutano. Ardhi ya kijiji hutengwa kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ndio mlango wa kuingiza hoja kama hii kwenye bajeti ya halmashauri. Kishawishi ni kujenga karibu na ofisi ya kijiji, ambako jengo huonekana na wageni. Mama wa bondeni anakihitaji kwenye njia ya kuelekea shambani, mahali pakavu wakati wa mafuriko. Kwenye delta kiwanja kiwe juu ya mstari wa bamvua na nje ya mikoko, kwani mikoko ni hifadhi ya Serikali, na paa liwe la kukinga maji ya mvua.

Wazo la kuwafuata watoto waliko si geni. Shule shikizi zilianza hivyo, wazazi wakisimamisha darasa kwenye vitongoji vya mbali, na katika fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 Serikali ilitenga madarasa 3,000 kwa ajili yake. Kituo cha msimu karibu na mashamba kingefuata mkondo huo, lakini afisa ustawi wa jamii aitwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, aseme banda la aina gani litakubalika. Boti ya kumfikisha kijijini mara moja ni rahisi kuliko kubomoa.

Vikundi vya wanawake vina chanzo cha mtaji pia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne ikiwa ya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoomba ili kiendeshe kituo kama biashara kitaulizwa mapato na matumizi yake, kwa hiyo mchanganuo wa ubaoni unakuwa umeshaandika nusu ya andiko.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, karibu na wakati ule ule wa minada ya korosho, wanachama wakiwa tayari wameketi kusomewa makato.