Nyundo Haitengenezi Stata

"Fundi, stata niigonge sehemu gani ndipo gari liwake?" Swali hili limeulizwa kupita kiasi, Miyuji na Dodoma nzima, na anayeliuliza tayari ameamini kwamba kugonga ni matengenezo. Kugonga si matengenezo. Ni kipimo, tena cha mara moja tu: gari likikubali kuwaka baada ya stata kugongwa, umeambiwa kwamba ndani yake kuna kitu kimekwisha au kimenata, na kazi ya nyundo imeishia hapo. Anayetembea na nyundo chini ya kiti miezi mitatu, kila asubuhi anafungua boneti na kugonga, ni mgonjwa aliyepewa majibu ya maabara akayakunja na kuyatia mfukoni.

Wanaoitetea nyundo wana hoja moja, kwamba inafanya kazi. Ni kweli gari huwaka, na sababu zake zinajulikana. Ndani ya stata kuna kaboni, vipande vidogo vinavyosukumwa na springi vigusane na shaba ya sehemu inayozunguka, na umeme wote wa kuzungusha injini hupita hapo. Kaboni zikiliwa zikawa fupi, springi haina tena nguvu ya kuzikandamiza. Pigo linazitikisa, zinagusa kidogo, stata inazunguka. Kesho inasimama mahali pengine na mchezo unaanza upya, kwa kuwa nyundo haikuongeza hata milimita moja ya kaboni. Wakati mwingine kilichonata ni chuma kinachochomoka ndani ya solenoidi, yaani swichi ya umeme ya stata, kimeshikwa na grisi iliyochanganyika na vumbi, nalo vumbi la uwanda huu kuanzia Mei hadi Novemba halihitaji maelezo. Na mara nyingine nyundo haikufanya lolote. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 30 joto likitoka nyuzi 20 kufika nyuzi 100, kwa hiyo stata iliyochoka hugoma injini ikiwa moto, mchana, dakika chache baada ya kuegesha. Ukitafuta nyundo, ukaazima kwa jirani, ukajadiliana na wapita njia, stata imeshapoa. Gari linawaka na sifa zote zinakwenda kwenye nyundo.

Wapo wanaosema magari ya zamani yaligongwa miaka na miaka bila kuharibika. Ni kweli yalivumilia zaidi, kwa sababu stata nyingi za wakati ule zilipata sumaku yake kutoka kwenye koili zilizozungushiwa vyuma, navyo vyuma vilifungwa kwa skrubu. Stata nyingi za leo zina sumaku za kudumu zilizogandishwa kwa gundi kwenye ukuta wa ndani, na sumaku hizo hupasuka zikipigwa. Kipande kikidondoka hukwama kati ya ukuta na sehemu inayozunguka, na stata iliyohitaji kaboni tu sasa ni chuma chakavu. Hasara hiyo haikuletwa na vumbi wala uzee. Imeletwa na nyundo.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo: gari likilia "tak" na kunyamaza, watu huhukumu kwamba stata imekufa, kwa sababu taa zinawaka vizuri na kwa hiyo betri ni nzima. Hesabu inakataa. Taa mbili za mbele za wati 55 huvuta ampea 9 hivi, ilhali stata ya gari dogo la petroli huvuta 150 au zaidi. Kichwa cha betri chenye ukungu mweupe kikiwa na ukinzani wa omu 0.02 kitazinyima taa volti 0.18, na jicho halitaona tofauti, lakini stata kitainyima volti 3 nzima. Ndiyo maana wapo wanaonunua stata nyingine, wakaifunga, na "tak" ikabaki palepale. Na hata tatizo likiwa kweli kwenye stata, si lazima ununue nzima: kwenye stata nyingi za Denso zinazokuja na Toyota, sauti hiyo mara nyingi hutoka kwenye vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vilivyoliwa, na vipande hivyo huuzwa peke yake.

Basi fanya hivi. Pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 imejaa. Mtu azungushe ufunguo huku unapima. Ikishuka chini ya 9.6, anza na betri. Ikibaki juu na stata haizunguki, safisha vichwa vya betri na waya wa athi, kisha ufunguo ukizungushwa pima kati ya nguzo hasi ya betri na mwili wa stata. Zaidi ya volti 0.5 maana yake athi ni mbovu. Gari la otomatiki lijaribu kwenye N kabla ya kulaumu chochote, na usihangaike kulisukuma, karibu yote hayawaki hivyo. Usishike ufunguo zaidi ya sekunde 10. Kaboni, bushi na bendeksi (gia ndogo ya stata) hubadilishwa. Stata nzima inunuliwe pale tu sehemu inayozunguka imeungua au sumaku zimevunjika, na ya mtumba ijaribiwe kwa betri mbele yako, ilinganishwe idadi ya meno ya bendeksi na matundu ya bolti. Fundi anayefungua stata bila kwanza kuchomoa waya hasi wa betri mzuie, kwa sababu kwenye magari mengi waya mnene wa stata hauna fyuzi, na spana ikigusa bodi itaungua pamoja na mkono wake. Kabla ya kufunga, akague meno ya flaiwili mzunguko mzima na akwangue kutu mahali stata inapokaa, maana athi hupita hapo. Tena, stata huchakazwa na idadi ya kuwasha, si kilomita: gari linalozimwa shuleni, sokoni Sabasaba na ofisini kila siku humaliza kaboni mapema kuliko linalokwenda Singida na kurudi.

Na kama umeshagonga leo na gari likawaka, usilizime popote njiani. Liendeshe moja kwa moja hadi kwa fundi umeme.