“Jikaze”: Maumivu kama Ushahidi katika Tiba ya Mifupa

Mtu avunjikapo mguu, aghalabu macho ya waliomzunguka huelekea mfupani. Daktari wa upasuaji wa mifupa huanzia kwingine. Hutaka kujua kwanza iwapo majeruhi anapumua vyema, iwapo anavuja damu, na iwapo damu ingali inafika vidoleni. Mfupa waweza kungoja hadi kesho, ilhali msuli uliokosa damu hauna subira hiyo.

Chukulia mfano wa kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi. Ngozi haikupasuka, mfupa umenyooshwa, plasta imefungwa, naye amelazwa wodini. Usiku maumivu yanazidi. Anapolalamika, jamaa anayemuuguza humwambia, “Jikaze, wewe ni mwanamume.” Neno hilo husemwa kwa nia njema, lakini katika saa hizo laweza kumgharimu mguu.

Misuli ya mguu chini ya goti imegawika katika mafungu manne, na kila fungu limezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa ndani ya fungu, shinikizo hupanda, na mishipa midogo inayolisha misuli na neva hubanwa. Plasta nayo hukaza kutoka nje. (Ni kinaya cha lugha kwamba plasta inakaza na mgonjwa anaambiwa ajikaze.) Hali hiyo ikidumu kwa takriban saa 6, misuli huanza kufa, na ikishakufa haifufuki. Mnamo 1881, Richard von Volkmann, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alieleza jinsi bendeji zilizokazwa mno zilivyowaacha wagonjwa na viungo vilivyopooza na kujikunja. Wanafasihi huenda wakapendezwa kujua kwamba daktari huyo alitunga pia ngano, akitumia lakabu ya Richard Leander.

Ushahidi wa mapema zaidi wa mbano huu ni maumivu yenyewe, na maumivu hayaonekani, husemwa. Kuuliza “Unaumwa?” hakutoshi, maadamu kila aliyevunjika huumwa. Swali lenye manufaa ni iwapo maumivu yamezidi tangu plasta ifungwe, iwapo dawa iliyapunguza, na mgonjwa anahisi nini vidole vyake vinaponyooshwa taratibu na mkono wa mwingine. Akipiga ukemi hapo, daktari ana sababu ya kutenda. Akisema mguu “umekufa ganzi”, neva tayari zimeanza kubanwa na muda umeyoyoma. Mpigo wa damu unaosikika juu ya wayo usimtulize mtu, kwani waweza kuwepo hata misuli ikiwa inaangamia.

Hatua ya kwanza ni kuipasua plasta pamoja na pamba na bendeji zote hadi ngozi ionekane, kisha kuulaza mguu usawa wa moyo. Kuuinua juu zaidi, kama wengi wanavyodhani ni vyema, hupunguza damu inayoufikia. Maumivu yasipotulia upesi, mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji ili utando wa mafungu yote manne upasuliwe. Uamuzi huu si mwepesi. Majeraha marefu huachwa wazi kwa siku kadhaa, huenda yakahitaji kubandikwa ngozi, na yaweza kuingiwa na viini. Hata hivyo, ni afadhali kuupasua mguu ambao pengine ungepona wenyewe kuliko kungoja hadi mashaka yote yaondoke. Mambo hugeuka iwapo misuli imekwisha kufa kwa muda mrefu: kupasua wakati huo hualika maambukizi, na mara nyingine linalobaki ni kuukata mguu.

Kuna pia wasioweza kusema. Kwa mtoto mdogo, dalili ni kuhangaika na kuhitaji dawa ya maumivu mara kwa mara. Kwa aliyezirai, shinikizo hupimwa kwa sindano; likikaribia kipimo cha chini cha msukumo wa damu kwa tofauti isiyofika milimita 30 za zebaki, upasuaji huzingatiwa. Pasipo na chombo hicho, hubaki mkono wa daktari, saa ya ukutani, na muuguzi wa zamu anayerudi kitandani kila baada ya saa moja kuuliza upya.