Nadharia ya Utendaji na Kazi ya Vikundi vya Maigizo

Katika idara zetu tamthilia husomwa zaidi kama maandishi: twachambua maudhui, wahusika na lugha, kisha twafunga kitabu. Nadharia ya utendaji nayo hufundishwa kando, kana kwamba haina uhusiano na watu ambao riziki yao hutoka jukwaani. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi nadharia hiyo iwezavyo kuwafaa waigizaji wa kulipwa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi walimu.

Si lazima tuanzie ng'ambo. Mwaka 1976, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walieleza kwamba sanaa za maonyesho huhitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Orodha hii ni fupi lakini ina uzito. Yamaanisha kwamba kitabu cha tamthilia, hata kiwe kizuri namna gani, kinatupa dhana tu. Matatu yaliyosalia yangali yanangojewa. Tutazame taarabu. Mtazamaji ainukapo kwenda kumtunza mwimbaji, na akauchagua ubeti wa kuinukia, huwa amewapelekea wengine ujumbe wake mwenyewe. Hapo naye amekuwa mtendaji, na maana ya ubeti haimo tena mikononi mwa mtunzi peke yake.

Richard Schechner wa Marekani aliyafikia mawazo yanayokaribiana na haya kwa njia ya kazi. Mwaka 1967 alianzisha The Performance Group mjini New York, na mwaka uliofuata kundi hilo likaonyesha Dionysus in 69, watazamaji na watendaji wakishiriki nafasi moja. Baadaye, katika Between Theater and Anthropology (1985), alibainisha hatua saba za utendaji: mafunzo, warsha, mazoezi, matayarisho ya mwisho, onyesho lenyewe, kupoa, na yale yafuatayo baadaye. Kwa kawaida mtazamaji huiona hatua ya tano tu. Schechner aliongeza kwamba mwigizaji awapo kazini si yeye mwenyewe, wala hajawa mtu mwingine kabisa. Yumo baina ya hali hizo mbili.

Sasa na tuvitazame vikundi vinavyozunguka katika shule za sekondari nchini Kenya vikionyesha tamthilia zilizoteuliwa kutahiniwa, kama vile Kigogo ya Pauline Kea ilivyokuwa. Mara nyingi uwanja ni bwalo la kulia chakula, lisilo pazia wala taa za jukwaa. Kikundi kikilitazama bwalo kama jukwaa lenye kasoro, kitashindwa. Kikiuliza uwanja huu waweza kutenda nini, mambo hubadilika. Wanafunzi waliosongamana kwenye viti waweza kufanywa wachuuzi wa Sagamoyo, ambao soko lao la Chapakazi limefungwa. Majoka akapita katikati yao badala ya kutokea pembeni. Hapo mwanafunzi hatazami tena dhuluma kwa mbali, bali imemgusa bega.

Kuhusu watazamaji, yafaa ikumbukwe kwamba hawa wamekwisha kukisoma kitabu. Hawaji kujua kitakachotokea. Kwa hiyo mwigizaji anayetegemea taharuki hupoteza nguvu zake. Linalobaki ni kuwafanya wauone upya uamuzi wa kila mhusika, na kuona kwamba ungeweza kuwa mwingine. Hatua mbili za mwisho nazo husahaulika, kwa maana gari linangoja kuwapeleka waigizaji shule nyingine. Lakini nusu saa ya maswali, Majoka akiwa angali katika mavazi yake na akitakiwa kujitetea, yaweza kufundisha mengi kuliko maelezo ya ubaoni.

Ushahidi wa nguvu ya hatua zilizofichika tunao hapa nchini. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanywa hadharani. Wanakijiji walisahihisha lugha, nyimbo na ngoma. Mchezo ulipofunguliwa mwezi Oktoba, watazamaji wengi walikuwa tayari na sehemu yao ndani yake. Serikali iliufutia kibali mwezi Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Utendaji usio na nguvu haupigwi vita namna hiyo.

Huenda ikasemwa kwamba kikundi cha kulipwa hakina nafasi ya haya: shule hulipia onyesho, hailipii warsha wala mazoezi. Hoja hii ni ya kweli, na nadharia haileti fedha. Lakini hutuonyesha gharama ya kuzipuuza hatua zile: onyesho hugeuka muhtasari wa kitabu unaosemwa kwa sauti kubwa, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba hiyo ndiyo tamthilia. Baadhi ya wanafunzi hao huja kwetu chuoni wakiwa na imani hiyo hiyo, nasi huithibitisha kwa mitihani isiyouliza lolote kuhusu mwili, sauti wala uwanja. Waigizaji hawana budi kujifunza nadharia. Sisi nasi hatuna budi kutoka madarasani twende tukakae bwaloni, tuone kama tunayoyafundisha yanasimama.