Gari la Mnada wa Japani: Dau Si Bei

Vikundi vya akiba vya mashamba ya chai ya Fort Portal na vya viwanda vya Jinja hutuuliza swali moja mara kwa mara. Fedha zimekusanywa, linatakiwa gari dogo la mizigo, na kwenye simu wameliona moja katika mnada wa Japani kwa dola 1,500. Je, fedha hizo zatosha? Hazitoshi, hata nusu ya safari hazifiki.

Mnada huo ni wa wanachama wenye leseni. Mtu aliye Uganda hawezi kutia dau mwenyewe. Hutiliwa na kampuni inayouza magari nchi za nje, na gari huuzwa kwa muda usiofika dakika moja. Kwa hiyo juu ya dau kuna ada ya mnada, malipo ya kampuni, na gharama ya kulipeleka gari bandarini, kama vile Nagoya au Yokohama. Jumla hiyo huitwa FOB. Hapo hapo mtake kampuni iwatafsirie karatasi ya mnada. Alama 4 ni gari zuri kwa kadiri, lakini herufi R ina maana gari liligongwa likatengenezwa.

Nauli ya meli hupimwa kwa ukubwa wa gari, si kwa uzito. Gari lenye urefu wa mita 4, upana 1.7 na kimo 1.9 ni karibu mita za ujazo 13. Nauli na bima zikiongezwa juu ya FOB, mnapata CIF, na kodi huanzia hapo. Wengi wanakosea hapa: hudhani ushuru ni wa bei ya gari tu, kumbe hata nauli inatozwa ushuru.

Tuchukue mfano. Dau ni dola 1,500. Ada na usafiri wa huko Japani 900. Nauli na bima 1,600. CIF ni dola 4,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 1,000. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18, hutozwa juu ya 5,000, yaani CIF pamoja na ushuru wenyewe. Hiyo ni 900. Tumefika 5,900, na bado kuna tozo nyingine za serikali, usajili, gharama za bandari, wakala wa forodha, na dereva wa kulileta Kampala, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa.

Tena afisa wa forodha halazimiki kuikubali ankara yenu. Kwa magari yaliyotumika ana orodha yake ya thamani, na mkinunua kwa bei ya bahati anaweza kutoza kwa thamani ya orodha. Ye yote anayewashauri kampuni iandike bei ndogo anawaingiza katika kosa la jinai, na kikundi ndicho kitakachojibu.

Umri nao utazameni kabla ya dau. Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya mpaka ni miaka 8, lakini hiyo ni kwa gari linalobaki Kenya.

Bandarini kuna siku chache za bure, baada ya hapo ada ya kuhifadhi hupanda kila siku. Tunakijua kikundi kimoja kilichotuma fedha zote Japani bila kubakiza kitu cha kodi. Gari lilikaa Mombasa wiki sita wanachama wakichangishana upya, na kila walipofikisha kiasi walichotajiwa, kiasi kilikuwa kimeongezeka. Walilitoa kwa kukopa, na deni hilo likakatwa katika mishahara yao mpaka mwisho wa mwaka.