UNAUZA CHAI MTANDAONI? VITU 6 VISIVYOKAA VIZURI NA CHAI, NA JIBU LA KUMPA MTEJA

Leo naongea na wale wa majani ya chai, viungo vya chai, chai ya kijani na zile chai za kupunguza tumbo. Kupiga picha nzuri na kupanga bei tunajua. Ila mteja akija inboksi akauliza, "Dada, naweza kunywa hii na dawa zangu?" wengi tunajibu "Haina shida mpendwa" ili oda isipotee. Tusidanganyane, hilo jibu linaweza kumuumiza mtu. Chai sio sumu, naiuza na nainywa kila siku. Ila kuna vitu haipatani navyo.

1. VIDONGE VYA KUONGEZA DAMU
Hii ndo namba moja. Kwenye majani ya chai kuna tanini, ile inayofanya chai ya rangi iliyokolea ikaukie mdomoni. Tanini inashikana na madini ya chuma tumboni, mwili unashindwa kuyachukua. Mjamzito kapewa vidonge kliniki, kila asubuhi anavimeza na chai. Anajua anatumia dawa, kumbe sehemu kubwa inapita bure. Na upungufu wa damu kwa mjamzito sio mchezo, akitokwa na damu nyingi siku ya kujifungua maisha yake yako hatarini. Akiweka maziwa haisaidii, maana kalsiamu ya maziwa nayo inazuia chuma. Ameze na maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja hadi mbili. Kwa hiyo wewe unayetengeneza kifurushi cha "kuongeza damu", majani ya chai yatoe humo.

2. MAHARAGE, DENGU NA MBOGA ZA MAJANI
Sababu ni ile ile. Chuma cha kwenye mimea ndicho kinachozuiwa zaidi na chai, cha nyama kidogo. Mtu mwenye damu ya kutosha ale chapati maharage na chai yake, hana shida. Ila mjamzito, mtoto mdogo au mtu aliyeambiwa damu imepungua, chai ikae kama saa moja baada ya kula. Akikamulia ndimu kwenye maharage au akila chungwa ni bora zaidi, vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini.

3. BAADHI YA ANTIBAYOTIKI
Tetrasaiklini na siprofloksasini hazitaki maziwa. Kalsiamu inazishika, dawa haifanyi kazi inavyotakiwa. Chai ya maziwa nayo imo. Halafu siprofloksasini inachelewesha mwili kuitoa kafeini, ndo maana mtu anaweza kunywa hata chai ya rangi akasikia moyo unaenda mbio na usingizi hauji.

4. DAWA YA TEZI NA YA KUZUIA DAMU KUGANDA
Dawa ya tezi ya levothairoksini inamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji. Chai isubiri nusu saa hadi saa moja. Anayetumia warfarini asianze kunywa chai ya kijani kwa wingi bila kuongea na daktari wake, maana inaweza kupunguza nguvu ya dawa.

5. VINYWAJI VYA KUONGEZA NGUVU NA POMBE
Kikombe cha chai kina kafeini kama miligramu 40 au 50 hivi. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina karibu 80. Anayekesha kwa chai vikombe vinne na makopo mawili ajue anajumlisha. Kwa pombe, kafeini inamfanya mlevi ajione yuko sawa wakati pombe bado iko kichwani. Chai haimtoi mtu ulevi, asishike usukani.

6. CHAI ZA KUPUNGUZA TUMBO PAMOJA NA DAWA
Hapa wauzaji tuwe makini sana. Nyingi zina sena, ambayo ni dawa ya kulainisha choo. Uzito unaoshuka ni maji na choo, sio mafuta. Mtu akiharisha sana, vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifanye kazi. Potasiamu nayo inashuka, na hiyo ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo au zile za presha za kukojoza. Kuna kingine: sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, imekuwa ikikutwa imefichwa kwenye bidhaa za kupunguza uzito zilizoandikwa "asilia". Mzigo usio na orodha ya vilivyomo usiuchukue, hata ukiwa na faida nono.

NA HII YA ASALI
Wateja wanauliza sana kama asali kwenye chai ya moto inageuka sumu. Haigeuki. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, iwe kwenye chai au bila chai.

SASA UFANYE NINI?
Weka stika ndogo kwenye pakiti: "Dawa meza na maji. Ukiwa mjamzito au unatumia dawa, uliza kliniki au mfamasia kwanza."
Andaa jibu la kukopi: "Asante kwa kuuliza mpendwa. Niambie unatumia dawa gani, halafu muulize na mfamasia wako kabla sijatuma mzigo. Nitakushikia oda yako."
Kwenye posti usiandike "inatibu". Hapa Tanzania chakula kiko chini ya TBS na dawa ziko chini ya TMDA. Ukianza kudai tiba, unaiweka chai yako kwenye mambo ya dawa bila kibali.

Kuna oda zitachelewa, nyingine zitakatika. Lakini mteja uliyemwambia ukweli kuhusu afya yake anarudi, na anakuja na shoga zake.

Hifadhi posti hii, mteja akiuliza uwe na cha kumjibu. Wewe wateja wako wanauliza nini zaidi kuhusu chai? Niandikie hapo chini.