Rais wa Marekani Hashiki Mfuko

Tangu Januari 2025 ndugu zangu wa Mlandege wananiuliza jambo moja kwa namna tofauti: rais wenu akisaini karatasi huko Washington, wanaochukua dawa za VVU kliniki ya CTC hapa Iringa wanakosa usingizi; sasa hao wabunge wa Marekani kazi yao nini? Wanauliza vema. Majirani zangu wengi hapa Saint Paul, Minnesota, hawajawahi kujiuliza.

Karatasi wanayoisema ilisainiwa Januari 20, siku Donald Trump aliporudi Ikulu. Ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Iringa, pamoja na Njombe na Mbeya, ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini Tanzania, na sehemu kubwa ya huduma za VVU huko imebebwa na PEPFAR, mpango ulioanza 2003 enzi za George W. Bush. Ndiyo maana watu walishtuka.

Lakini rais huyohuyo, ndani ya nchi yake, hawezi mambo ambayo kwa rais wa Tanzania ni kazi ya kawaida. Hateui mkuu wa mkoa. Gavana wa Minnesota huchaguliwa na wananchi wa Minnesota, na rais hana uwezo wa kumtengua hata wakichukiana vipi. Sherifu wa kaunti naye huomba kura, na kaunti tunazo 87. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge, wakati kwetu lazima awe mbunge kwanza. Kubwa kuliko yote, ibara ya 90 ya Katiba yetu inamruhusu rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mwenzake wa Marekani hana kifungu hicho. Kongresi ikimgomea, atavumilia mpaka wapiga kura waibadilishe.

Na mfuko wa fedha uko kwa Kongresi. Richard Nixon alipokalia fedha zilizokwisha kupitishwa, ikatungwa sheria ya 1974: rais asiyetaka kuzitumia aombe zifutwe, na Kongresi ina siku 45 za kukubali. Isipokubali, fedha zitumike. Ndiyo sababu amri ile ya Januari ilifikishwa mahakamani upesi.

Juni 2025 Trump akaomba rasmi zifutwe dola bilioni 9.4, nyingi zikiwa za misaada ya nje, PEPFAR ikiwemo. Hapa ndipo Seneti inapoonekana ilivyo. Kila jimbo lina maseneta wawili, Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 sawa na California yenye karibu milioni 39. Jumla 100. Republican, chama cha Trump, walikuwa 53, kwa hiyo wanne tu wakihama, ombi limekufa. Watatu walihama. Julai 15 kura za kuanza mjadala zikawa 50 kwa 50, na makamu wa rais, JD Vance, akavunja sare.

Ili asipatikane wa nne, Ikulu ilikuwa imekubali kuondoa kwenye orodha dola milioni 400 za PEPFAR. Watu huku waliita huruma. Mimi naona ni hesabu. Usiku wa kuamkia Julai 17 muswada ukapita kwa kura 51 kwa 48. Kura moja iliyokosekana ilikuwa ya Tina Smith, seneta wetu wa Minnesota, aliyekuwa amelazwa hospitali. Baraza la Wawakilishi likapitisha 216 kwa 213.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mlandege ni hili: rais alianzisha, lakini zile bilioni 9 hazikufutika mpaka wabunge waliporidhia. Walutheri wa hapa Saint Paul, wenye udugu na Dayosisi ya Iringa tangu 1987 kwa jina la Bega Kwa Bega, wanaifahamu hospitali ya Ilula vizuri kuliko maseneta wengi. Nao ni wapiga kura.

Novemba 3, 2026 viti vyote 435 vya Wawakilishi na takribani theluthi ya Seneti vitagombewa, kikiwemo cha Smith, ambaye hagombei tena. Mtanzania mwenzangu uliyechukua uraia, Minnesota unaweza kujiandikisha siku hiyohiyo kituoni. Mwenye green card tu, kaa mbali na karatasi ya kura; ni kosa linaloweza kukurudisha nyumbani bila kupenda.